Kalamu Iliyo Kiganjani: Dhana Potofu Kuhusu Kazi ya Blogu



Mwezi uliopita nilikwenda Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, kumjulia hali mpwa wangu. Ni binti wa Mombasa aliyeolewa huko bara. Mumewe hufanya kazi katika viwanda vya Athi River, naye hubaki nyumbani na watoto wawili. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu amekuwa akiandika blogu kuhusu mapishi ya kwetu na malezi ya watoto, na wasomaji wake wengi ni kina mama wa Mombasa, Malindi na Lamu.

Baada ya sala ya Alasiri alinitilia kahawa, kisha akanionyesha ujumbe katika simu yake. Muuzaji mmoja wa ploti alikuwa amemwahidi shilingi 20,000 iwapo angeandika kwamba ameziona ploti hizo na ameridhika nazo. Hakuwa ameziona. Akaniuliza, “Mjomba, kuna ubaya gani? Mimi siuzi ardhi. Mimi naandika maneno tu.”

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba anieleze kwanza aliingiaje katika kazi hii na alitarajia nini kwayo. Katika maelezo yake nilizikuta dhana ambazo huzisikia kwa wazazi na vijana wengi, nami nimeona nizipime hapa moja baada ya nyingine.

Dhana ya kwanza ni kuwa blogu ni jambo geni, la vijana na la Kiingereza, lisilowahusu watu wa madrasa. Tukumbuke kwamba mwaka 1930, Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti dogo la Kiswahili liitwalo Al-Sahifa, na mwaka 1932 akalifuatishia Al-Islah. Hakungoja apewe cheo. Aliona jamii yake ina haja ya nasaha, akaziandika kwa lugha ambayo watu wake waliielewa. Ukadhi Mkuu wa Kenya ulimjia baadaye, mwaka 1937. Na katika zama za intaneti, Mtanzania Ndesanjo Macha alifungua Jikomboe mwaka 2004, blogu inayohesabiwa miongoni mwa zile za mwanzo kabisa za Kiswahili. Kilicho kipya ni chombo. Kazi yenyewe ni kongwe, na adabu zake ni zile zile.

Dhana ya pili ni kuwa blogu huleta pesa haraka. Mpwa wangu alikiri kuwa mwanzoni alikaribia kuuza cherehani yake ili anunue simu ya bei kubwa. Hesabu haikubali haraka hiyo. Mpango wa matangazo wa Google, uitwao AdSense, hautoi malipo mpaka salio la mwenye blogu lifike dola 100 za Marekani, na blogu changa huweza kukaa miezi mingi bila kukifikia kiwango hicho. Yeye hakuwa amekifikia hadi siku ile. Pato likija, serikali nayo ina fungu lake: Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya mapato ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi wa Kenya. Juu ya hayo kuna swali letu Waislamu: pesa hiyo inatokana na tangazo gani? Mwenye blogu anaweza kuzuia aina za matangazo asizozitaka. Kwa hiyo asiseme kuwa kamari na ulevi vilijileta vyenyewe mbele ya wasomaji wake. Anayetaka kuandika na aandike, lakini cherehani asiiuze.

Dhana ya tatu ni kuwa thamani ya mwandishi ni wingi wa wasomaji, na kwamba lazima aseme jambo kila siku ili asisahaulike. Kitengela yenyewe ina funzo hapa. Mji huu uko kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na simba hutoka mbugani wakaingia katika maboma ya wafugaji. Kijana wa Kimasai, Richard Turere, alikuwa na jukumu la kulinda ng'ombe wa babake. Alitambua kuwa simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua balbu za tochi, betri kuukuu ya gari, paneli ya sola na kifaa cha taa za ishara za pikipiki, akaunda taa za kuwaka na kuzima kuzunguka zizi. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 13, alisimama Marekani katika jukwaa la TED akaueleza ulimwengu. Hakuanza kwa kutafuta wasikilizaji. Alianza kwa kulinda zizi, na alipopata la kusema, akasikilizwa.

Na sisi watu wa Pwani tunaye Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake yapata mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake mmoja tu, Mwana Hashima. Hakuwa na umati akilini. Alikuwa na mwanawe. Zaidi ya miaka 150 imepita na utendi huo ungali unasomwa.

Dhana ya nne ni kuwa yaliyo katika blogu yangu ni yangu, na hakuna wa kuniuliza. Hili linawagusa hasa kina mama. Tunapiga picha za watoto wetu, na za watoto wa jirani waliokuja kucheza, tukazitoa hadharani bila kufikiri. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi katika kutumia taarifa za mtoto. Mwaka 2023 shule moja jijini Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Zingatieni pia siri za nyumba. Mke akiandika kisa cha mumewe, au cha wifi yake, na kuficha jina, mtaa mzima humjua anayesemwa. Kufuta hakusaidii, kwani mtu aliyekwisha kuinakili habari haombi ruhusa ya kuieneza. Kusengenya kwa kidole ni kusengenya.

Ndipo nikarudi kwenye swali lake. Dhana ya tano, iliyo mama wa zile nne, ni kuwa haya ni maneno tu.

Nilimwambia, “Mwanangu, mama wa Malindi anayekuamini kwa kipimo cha tui na iliki, kesho ataamini kauli yako juu ya ardhi. Muuzaji analijua hilo. Anachonunua kwako ni imani ya yule mama, na imani hiyo si mali yako. Umewekewa amana.” Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Akanyamaza. Kisha akauliza, “Na nikihakikisha nikakuta ni kweli?” Nikamwambia hilo ni swali jema.

Siku mbili baadaye yeye na mumewe walipanda matatu, wakapita Isinya hadi Kajiado mjini, wakaomba katika masjala ya ardhi watazamiwe nambari ya ploti waliyopewa. Daftari lilionyesha jina la mtu mwingine, na juu yake zuio. Akairudisha ahadi ya shilingi 20,000 kwa maneno machache ya heshima.

Badala yake aliandika mambo ambayo familia inapaswa kuyafanya kabla ya kununua ploti: kupata nakala ya hati na kuomba taarifa rasmi ya masjala, kwenda na mpimaji kuviona vigingi vya mipaka, kuuliza majirani, kuhakikisha mume au mke wa muuzaji ameridhia, na iwapo ardhi ni ya kilimo, kudai idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Makala hayo hayakumpa hata senti.

Juzi alinipigia simu. Yule muuzaji amepata mtu mwingine wa kumsifia ploti zake. Sauti yake ilikuwa na huzuni, nami sikuwa na la kumtuliza isipokuwa kumkumbusha kwamba yeye ataulizwa juu ya kalamu yake tu. Nanyi wasomaji, mkiiona sifa ya ploti katika simu zenu, ulizeni kwanza kama aliyeiandika amefika Kajiado.

Wabillahi tawfiq.