Wikipedia ya Kiswahili: kurasa zipi ziko wazi, zipi zina kufuli, na kwa nini

Chukua simu yako, fungua Wikipedia ya Kiswahili, utafute ukurasa wa kisiwa chetu cha Pemba. Juu yake utaona alama ya kalamu. Ukiigusa, unaweza kusahihisha maandishi bila ya kumuomba mtu ruhusa. Lakini zipo kurasa nyengine ambazo ukijaribu kuzibadilisha unaambiwa zimelindwa. Kwa nini mlango mmoja uko wazi na mwengine umefungwa?

Tuanze na wiki yenyewe. Ni tovuti ambayo wasomaji wake ndio waandishi wake. Ya kwanza ilitengenezwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995, na jina alilitoa kwenye lugha ya Hawaii, maana yake ni haraka. Wikipedia ilianza mwaka 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Leo ina makala zaidi ya 50,000.

Wiki nyingi, mbali na makala, zina kurasa zake za msingi: ukurasa wa Mwanzo, sera ya faragha, kanusho, maneno ya kwenye vitufe kama "Hariri", na vigezo, yaani visanduku vinavyotumika katika makala nyingi kwa pamoja. Hapo ndipo wenye wiki wanapolazimika kuamua: kipi kila mtu akiguse, na kipi kishikwe na wachache?

Fikiria maji ya shehia. Mfereji hufunguliwa na kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Koki kubwa ya kwenye tangi hushikwa na kamati. Si kwamba wanakijiji hawaaminiki, ila mkono mmoja ukikosea pale, nyumba zote zinakosa maji.

Wiki nayo ni hivyo hivyo. Mtu akiharibu makala moja, kosa liko pale pale, na kwa kuwa historia ya kila badiliko huhifadhiwa, mwengine anaweza kulirudisha kama lilivyokuwa. Akiharibu kigezo, kosa linatokea kwenye kurasa nyingi kwa mara moja. Na sera ya faragha ni ahadi kwa wasomaji, haifai kubadilishwa na mpita njia. Ndiyo maana maneno ya vitufe hushikwa na wasimamizi, wanaoitwa wakabidhi, na ukurasa wa Mwanzo kwa kawaida hulindwa. Kurasa nyengine huwekewa kufuli jepesi: akaunti mpya inasubiri siku kadhaa, kisha inaruhusiwa.

Lakini kufuli likizidi nalo ni hasara. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 406,848 Pemba. Ya 2022 ikahesabu 543,441. Ukurasa ukibaki na hesabu ya zamani, mwanafunzi wa skuli anainakili kwenye daftari lake na kosa linasafiri. Anayeliona mapema ni mtu wa hapa hapa, wa Wete, Micheweni, Chake Chake au Mkoani. Ukimfungia yeye mlango, umemfungia anayejua.

Kwa hivyo kabla ya kufunga ukurasa, tujiulize mambo mawili. Ukiharibika, wataathirika wangapi? Na ukifungwa, nani aliye na habari sahihi atabaki nje? Makala yabaki wazi, na kufuli liwekwe pale tu ambapo kosa moja linaumiza wengi.

Na wewe msikilizaji, ukikuta kufuli usikate tamaa. Fungua ukurasa wa Majadiliano, eleza kosa lilipo na utaje ulikopata habari sahihi, ili mkabidhi aweze kulirekebisha. Ukikuta kalamu, anza na jambo dogo unalolijua vizuri, kwa mfano jina la kijiji chako lililoandikwa vibaya, na uonyeshe chanzo chako.