Kubadilishana Bastola ya Kale kwa Karabini Yenye Nakshi

Mtaa wa Bondeni umepakana na Mji wa Kale wa Mombasa, na watu wake wamezoea kazi ya nakshi tangu utotoni. Mtoto hupita mbele ya milango iliyochongwa kila aendapo chuoni au dukani, na akikua hutambua mara moja ubao uliochongwa na fundi na ubao ulioparuzwa na mwanagenzi. Kwa hiyo si ajabu kumkuta mtu wa huko akivutiwa na bunduki kwa ajili ya mti wake kuliko kwa ajili ya chuma chake.

Na uchukuliwe mfano wa mzee aliyeachiwa na marehemu baba yake bastola ya Webley, ile ambayo risasi zake hukaa katika gurudumu lenye matundu sita. Bastola za namna hiyo ziliingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1887, na leo hutafutwa sana na wakusanyaji wa vitu vya kale. Mzee hana nia ya kuipiga. Mwana wa nduguye naye ana karabini, yaani bunduki fupi ya namna iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya askari wapanda farasi, na kitako chake kimechongwa majani na maua. Siku moja barazani kijana asema: “Ami, hapa fedha haipiti mkononi mwa mtu. Wewe wanipa yako, nami nakupa yangu. Biashara iko wapi?”

Maneno hayo yana sura ya haki, nayo ndiyo yanayoweza kuwatia wote wawili gerezani.

Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Mlango wa 114, iliyoanza kutumika mwaka 1954, haiulizi kama fedha imelipwa. Inauliza silaha imetoka katika mkono gani na kuingia katika mkono gani. Kuuza ni kuihamisha. Kupa bure, kuazima na kukodisha ni kuihamisha vilevile. Wala haitoshi kwamba kila mmoja ana hati yake ya kumiliki silaha. Hati si ruhusa ya kushika bunduki yoyote impendezayo mtu. Hutolewa kwa silaha iliyotajwa, pamoja na namba iliyopigwa katika chuma chake. Mwenye hati ya karabini akikutwa na bastola ya ami yake, kwa bastola hiyo ni sawa na mtu asiye na hati kabisa, na adhabu yake ni kifungo kinachohesabiwa kwa miaka, si kwa majuma.

Jambo la urithi huwapotosha wengi zaidi. Baba alikuwa na hati, baba amefariki, na bastola imebaki sandukuni chini ya kanzu zake. Watoto hudhani kwamba hati imerithiwa pamoja na sanduku. Sivyo. Hati ilikuwa ya marehemu peke yake. Tena, mwezi wa Disemba 2018 Serikali iliamuru wenye silaha wote wa kiraia wahakikiwe upya, hata wale waliokuwa na karatasi za miaka mingi. Basi mzee wa mfano wetu ana shida kabla hajafikiri hata kidogo habari ya karabini.

Ukali huu una asili yake katika pwani hii hii. Katika miaka ya 1880 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiacha bunduki zao za kale na kuchukua mpya, na zile zilizoachwa ziliuzwa kwa bei ndogo na kumiminika Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko alikadiria kwamba bunduki zilizokuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kwa mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Zilipanda bara pamoja na misafara, zikanunua pembe, zikawashika watu utumwani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Ni kweli kwamba waliotia sahihi walikuwa pia wakijilinda wenyewe, maana hawakupenda kuwatawala watu wenye bunduki nzuri kama zao. Biashara haikufa; sehemu yake ilihamia Maskati na kushamiri huko, hata Sultani Faisal bin Turki alipoamuru mwaka 1912 kwamba silaha zote ziwekwe katika ghala moja. Na katika siku za karibu zaidi, mwezi wa Novemba 2016, Kenya ilichoma moto silaha 5,250 zilizokuwa zimeshikwa kinyume cha sheria.

Sasa, ikiwa karatasi zote ni sawa, je, mzee atapata faida katika mabadilishano hayo? Hapa macho ya mtu wa Bondeni yana thamani kuliko kitabu.

Nakshi za bunduki ni za namna mbalimbali. Mirabaraba midogo iliyokatwa kwenye shingo ya kitako si pambo tu. Huzuia mkono wenye jasho usiteleze. Mafundi wa Ujerumani na Austria huchonga majani ya mwaloni na wanyama wa mwituni katika bunduki za uwindaji, na mti wapendao ni mjozi, kwa kuwa ni mgumu bila kuwa mzito na haupasuki upesi. Waomani wao hupenda fedha kuliko kuchonga: hufunga pete za fedha juu ya mtutu na mti, na hata Martini-Henry ya Kiingereza, bunduki ya askari wa kawaida, huvishwa hivyo na kuchukuliwa katika ngoma za arusi.

Lakini bunduki ya jeshi ilitoka kiwandani na mti mtupu. Kwa hiyo mtu akionyeshwa karabini ya askari iliyojaa maua, ajue kwamba maua hayo yaliongezwa baadaye, na aulize ni nani aliyeyaongeza. Atazame kama patasi imekata juu ya mihuri ya zamani. Atazame kingo za nakshi: za kale zimelainika kwa kushikwa, za jana hukwaruza kidole. Zaidi ya yote atazame shingo ya kitako, kwani hapo ndipo mti huvunjika, na fundi aliyechonga sana mahali pale amelidhoofisha pambo lake mwenyewe. Mkusanyaji hutoa bei kubwa kwa silaha ambayo haikuguswa, yenye namba zilizo sawa katika kila kipande na alama za majaribio za London au Birmingham zikisomeka. Mara nyingi bastola ya mzee isiyo na pambo lolote ndiyo yenye thamani kubwa kuliko karabini ile.

Iko sheria ya pili isiyokumbukwa sana. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale, na hakiwezi kupelekwa nchi za nje bila kibali. Sheria hiyo hiyo inailinda milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1946, ndiyo milango ya mitaa hii. Watumishi wa makumbusho katika Ngome ya Yesu wanaweza kuulizwa habari za umri wa kitu.

Mzee huyo na afanye hivi. Asiifunge bastola katika kikoi na kupanda nayo tuktuk kwenda kituo cha polisi, maana akisimamishwa njiani hatakuwa na la kueleza. Aende kwanza mikono mitupu, akiwa na hati ya zamani ya marehemu na cheti cha kifo, aeleze alichokikuta, kisha afuate maagizo ya kukileta au kungoja kije kuchukuliwa. Na kabla ya hapo asijaribu kulizungusha gurudumu ili kuona kama bado linafanya kazi. Risasi iliyokaa miaka 60 sandukuni haijulikani kama imekufa au ingali hai.