Kukanya Si Kukanyaga



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Katika Sura ya Aali Imran, aya ya 104, Mola wetu anatutaka liwepo miongoni mwetu kundi la wenye kulingania kheri, kuamrisha mema na kukanya maovu. Leo tuliangalie neno hili "kukanya", kwani wengi wetu hapa Ngombezi twalitamka vyema, lakini twalitenda sivyo.

Katika lugha yetu, "kuponya" kumetokana na kupona, na "kuonya" kumetokana na kuona. Vivyo hivyo "kukanya" kumetokana na kukana. Mwenye kuponya humfanya mgonjwa apone; mwenye kuonya humfanya mtu aione hatari; na mwenye kukanya humfanya mtu alikane ovu yeye mwenyewe. Kukemea ni jambo jingine: huko ni kumpazia mtu sauti kwa ukali. Mama humkanya mwanawe asiogelee mto Pangani. Na mtoto asiyesikia huambiwa hakanyiki.

Sasa tujiulize. Baba arudi kutoka shamba la mkonge siku ya Ijumaa, amkute mwanawe akicheza karata wakati wa sala. Amtukane mbele ya wenziwe, amwite mpotevu. Ijumaa ya pili kijana haonekani kwenye karata, wala msikitini haonekani. Je, huyo amekanywa, au amekanyagwa?

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) habari ya bedui aliyekojoa msikitini. Masahaba walipomjia juu, Mtume (S.A.W.) aliwazuia, akaacha amalize. Kisha alimwita, akamweleza kwamba misikiti ni ya kumtaja Mwenyezi Mungu, kusali na kusoma Qurani. Ikaletwa ndoo ya maji, pakamwagwa. Ovu likaondoka, na mtu akabaki.

Lakini upole si kunyamaza. Hata Nabii Musa na Harun (A.S.) walipelekwa kwa Firauni waseme naye, ila waliamrishwa maneno laini.

Basi enyi wazazi, na nyinyi wanafunzi, tukanyeni kwa faragha, tutoe na sababu, na tuanze na nafsi zetu.

Ewe Mola, tujaalie tuwe wenye kukanya na wenye kukanyika. Amin.