Je, Kipimo cha Ultrasaundi Chaweza Kukosa Kuona Mapacha?



Mama mjamzito wa Mtunda akishapimwa kwa ultrasaundi na kuambiwa kwamba mtoto ni mmoja, jamaa zake hulihesabu jambo hilo kuwa limekwisha. Tumbo likizidi kukua kuliko kawaida, minong'ono huanza: je, yawezekana chombo kile kimekosea? Jibu ni kwamba yawezekana, ingawa hutokea kwa nadra. Yafaa kila mwanachama aelewe sababu zake.

Chombo hiki, ambacho Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza matumizi yake mwaka 1958, hakitumii mionzi ya eksirei. Hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika, nayo hurudi kama mwangwi unaogeuzwa kuwa picha. Picha hiyo huonyesha mahali palipoelekezewa chombo tu. Kwa hiyo ubora wa kipimo hutegemea sana mkono na subira ya mpimaji.

Mapacha huweza kukosekana kwa sababu tatu. Kwanza, kupima mapema mno, kabla ya wiki ya saba hivi, wakati mmoja ni mdogo asionekane. Pili, mapacha wa yai moja walio ndani ya mfuko mmoja huweza kudhaniwa kuwa mtoto mmoja. Tatu, kupima kwa haraka mimba ikiwa kubwa, mmoja akiwa amejificha nyuma ya mwenziwe. Wakati ulio bora wa kuwahesabu ni kati ya wiki ya 11 na ya 14. Hapo hutambulikana pia kama wanashiriki kondo moja la nyuma.

Kwa hiyo kipimo kimoja kisiwe sababu ya kuacha kliniki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mahudhurio yasiyopungua manane, na ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Baada ya wiki ya 20, kimo cha tumbo kwa sentimeta hukaribiana na idadi ya wiki. Kikizidi kwa sentimeta 3 au zaidi, mama aombe apimwe tena. Huenda tarehe zilikosewa, au maji ni mengi, au watoto ni wawili.

Jambo hili si la udadisi tu. Mimba ya mapacha huongeza hatari ya upungufu wa damu, shinikizo la damu, kujifungua kabla ya wakati na kutokwa damu nyingi baada ya uzazi. Ndiyo maana mkunga hupapasa tumbo kwanza, ahakikishe hakuna mtoto wa pili, kabla ya kuchoma sindano ya kukaza mji wa mimba. Mama anayejifungulia nyumbani hana kinga hiyo.

Ndugu Makatibu, fedha za korosho huingia mwishoni mwa mwaka. Masika yanapofika Machi, njia huharibika na mifuko huwa mitupu. Basi mkutano mkuu wa chama ujadili kutenga akiba ndogo ya nauli ya pikipiki au mtumbwi, ili mama mwenye mashaka afike hospitali, kama ile ya Mchukwi, kabla uchungu haujaanza. Haba na haba hujaza kibaba.