Maua ya Deizi Katika Mtaa wa Viwanda



Naandika haya kutoka Bujumbura, katika mtaa uitwao Zone Industrielle, nilipo karani wa ghala. Tangu alfajiri malori huingia na kutoka, na kiangazi kikifika vumbi hufunika hata majani ya miti. Mliosoma nami mtacheka mkisikia kwamba mimi, niliyekuwa nikiikimbia zamu ya bustani, sasa nalima maua.

Mbele ya ofisi yetu palikuwa na kiwanja kitupu. Mkuu wetu alitaka kukimwagia changarawe malori yapate kusimama hapo, nami nikamwomba nipande deizi. Akakubali kwa sharti moja: mvua zikiisha mwezi wa Mei pasipo ua hata moja, changarawe itamwagwa. Basi mwezi wa Oktoba nikanunua miche 12 ya jerbera, deizi yenye asili ya kusini mwa Afrika. Nikaifukia sana isije ikaanguka, nikainywesha asubuhi na jioni. Mwezi haujaisha, miche 9 ilikuwa imeoza.

Mlinzi wetu, mzee wa Buyenzi, akang'oa mmoja akanionyesha shina lake jeusi. "Mwanangu," akasema, "huu hukuupanda, umeuzika." Nikaona haya, nikaanza kujifunza upya. Niliyojifunza ni haya.

Kwanza, udongo. Deizi hupenda maji, lakini haipendi kusimama majini. Inua tuta la sentimita 20, uchanganye udongo, mchanga na samadi iliyokwisha kuoza. Penye malori, usilime mahali oili inapodondoka.

Pili, kupanda. Katikati ya majani pana moyo wa mche, ndipo machipukizi yatokeapo. Moyo huo lazima ubaki juu kidogo ya udongo. Ukifunikwa, ukungu huuingia na mche hufa. Acha sentimita 30 baina ya mche na mche, upepo upate kupita.

Tatu, jua na maji. Huku kando ya Ziwa Tanganyika jua la mchana ni kali, kwa hiyo chagua mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Tia kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, usinyweshe siku hiyo. Ukinywesha, fanya asubuhi, na maji yaende kwenye mizizi, si juu ya majani wala moyoni.

Nne, matunzo. Ua likinyauka, ling'oe pamoja na kikonyo chake chote, maana kisiki kikibaki huoza. Vidukari wakija, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Baada ya miaka 2 au 3 kichaka huwa kimesongamana. Kigawe mvua zinapoanza, nawe utapata miche ya kumpa jirani.

Enyi wanafunzi, chukueni ua moja la deizi mlipasue. Mtaona kwamba si ua moja bali ni kundi: kila kinachofanana na jani la ua pembeni ni ua peke yake, na ile duara ya katikati ni maua madogo mengi yaliyobanana. Alizeti ni ndugu yake, na pareto pia, ile ilimwayo kwa kutengenezea dawa ya wadudu katika nchi za juu za Kenya, Tanzania na Rwanda. Lakini pareto hutaka baridi ndipo itoe maua mengi. Ukiileta katika joto letu utapoteza nguvu zako. Kila mmea una kwao, na mkulima mwema huuliza kwanza.

Ile miche 3 iliyosalia niliiinua, nikaipanda tena juu ya tuta jipya. Mmoja ukafa. Lakini kabla ya mwisho wa Aprili miwili ilikuwa na maua 5 mekundu, na mkuu wetu alipoyaona akaagiza changarawe ipelekwe upande wa pili wa ua. Leo wapakizi hula chakula chao cha mchana karibu na tuta lile, na mzee wetu hawaruhusu kunawia mikono juu yake.

Basi, nyinyi wenye zamu ya bustani, msiikimbie kama nilivyoikimbia mimi. Nililipa miche 10 kwa somo ambalo shuleni ningalilipata bure.