Roman zenye zinatuandika sisi wantu wa migodi

Mu sindika, muntu akikufa ku kazi, delege njo anaandika. Tunaandika jina, matrikile, saa, shimo gani, nani alikuwa karibu. Miaka 13 sasa ninafanya kazi hiyo, na nilifikiri kama ninajua kuandika. Mwaka uliopita, wakati wa mvua, udongo uliangukia rafiki mumoja mwenye tulikuwa tunapanda naye bisi moja kila asubui. Niliandika PV yake kwa Kifransa, mistari 14. Kisha mazishi, mujane wake aliniomba nimusomee kwa Kiswahili. Nikasoma yote. Akangoja kidogo, kisha akauliza: "Delege, ni paka vile?"

Sikukuwa na jibu. Karatasi yangu ilisema alikufa saa ngapi. Haikusema alikuwa nani.

Ndugu musomaji, juu ya ile swali njo nilianza kusoma roman. Miye ni muntu wa miaka 46, nilimaliza sekondere, na tangu siku nilipata diplome d'État sikufungua tena kitabu cha hadisi. Binti yangu anasoma ku université hapa Lubumbashi. Yeye njo aliniletea ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Zote ziliandikwa na Wakongomani wenzetu, na wenye waliziandika wangali wazima. Leo ninataka kuzungumuza juu ya hizo tatu, na ginsi wenzangu walizipokea.

Muji bila jina

Ya kwanza ni Tram 83, ya Fiston Mwanza Mujila. Ni mutoto wa Lubumbashi, alizaliwa hapa mwaka wa 1981, na sasa anaishi Graz, mu inchi ya Austria. Kitabu kilitoka Paris mwaka wa 2014. Kilitafsiriwa mu luga nyingi, na kikapata zawadi ya Etisalat ya mwaka wa 2015, ile yenye ilikuwa inapewa mwandishi wa Afrika kwa kitabu chake cha kwanza cha hadisi.

Mambo inapita mu muji mumoja wenye mwandishi hautaje jina. Anauita tu Ville-Pays, ni kusema muji wenye unajifanya inchi. Kuko gare yenye haikumalizika kujengwa. Kuko generali muasi mwenye kutawala migodi. Kuko wageni wa kila rangi wenye walikuja kutafuta mawe. Na kuko baa, Tram 83, kwenye wote wanakutana usiku: wachimbaji, wanafunzi wenye kugoma, wapiga muziki, wanawake, wafanya biashara. Lucien anafika na karatasi zake, juu anataka kuandika. Requiem, rafiki yake wa zamani, anaishi kwa ujanja na kwa mawe ya kuiba. Mumoja anatafuta maneno, mwingine anatafuta kula.

Nilibeba kitabu ku paillote ya kwetu siku ya yenga. Tulikuwa wane: miye, muzee mumoja wa pension, kijana mumoja mwenye anachimba kwa mikono huko Kolwezi, na mama mumoja mwenye anasafisha mawe ku muto. Ninasoma kwa Kifransa, kisha ninasema kwa Kiswahili.

Muzee alikasirika wa kwanza. "Hii kitabu ni ya balevi. Shiye tulikuwa tunaamuka saa kumi ya asubui, kambi ilikuwa na sheria. Kazi eko wapi mule?"

Kijana akamujibu kwa heshima: "Papa, kazi ya wakati yenu ilikuwa na saa. Ya kwetu haina saa. Tunashuka, tunapanda kama tungali bazima. Kisha pale ni kunywa tu."

Mama alikuwa ananyamaza. Mwisho akasema: "Banamuke ba mule, banaume njo banabaangalia. Bao, nani alibauliza?"

Miye ninaona wote watatu walisema kweli. Muzee alikulia mu kambi yenye posho, kalasa na dispensaire. Mu miaka ya 1980, kampuni ya Serikali ilikuwa inatosha zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka ndani, na kisha pale kila kintu kikafuata. Tram 83 haiseme habari ya wakati wa muzee. Inasema habari ya watoto wenye walizaliwa kisha sirene ya kazi kunyamaza, wenye hawana mushahara wa kungojea ku mwisho wa mwezi. Mule mu kitabu usiku na muchana ni kintu kimoja, na kijana wetu alijitambua pale pale.

Na mama pia hakukosea. Ni kitabu chenye nguvu, lakini wanawake wake tunawaona zaidi kwa macho ya wanaume wa ku baa. Mwenye kusimama mu maji siku nzima na gunia ku mugongo hatumusikie sana. Mwenye ataandika ingine, amuulize.

Kuchimba mu lupango ya nyumba

Kitabu cha pili kinaitwa Généalogie d'une banalité, cha Sinzo Aanza. Alizaliwa Goma mwaka wa 1990, na kitabu kilitoka mwaka wa 2015. Huyu hafiche jina la muji: ni Lubumbashi, mu kartie moja ya wamasikini yenye inaitwa Bronx. Wakaaji wanaamini kama kuko shaba chini ya miguu yao. Basi wanaanza kuchimba mu lupango zao wenyewe, kule kwenye wanapika na kwenye wanalala.

Ninasema wazi kama si kitabu chepesi. Sauti ziko nyingi, mumoja anasema, mwingine anamukata, na kuko kurasa zenye nilirudilia mara tatu. Lakini nilipoeleza tu ile jambo ya lupango, kijana alicheka mpaka machozi. Hakukuwa anacheka mwandishi. Alikuwa anajicheka mwenyewe, juu alikuwa Kasulo.

Wengi munakumbuka Kasulo. Mwaka wa 2014, mu ile kartie ya Kolwezi, wantu waligundua kobalti chini ya nyumba. Kwa miezi kidogo mashimo yalijaa mu lupango, mu kikoni, hata mu salon. Baadaye sehemu moja ikazungushiwa ukuta na familia zikahamishwa.

Kijana akatuhadisia: "Miye nilichimba mu salon ya muntu. Mama wa nyumba anapika, shiye tunapitisha mifuko pembeni ya sufuria. Baba wa nyumba anasema, haina neno, tutajenga ingine kubwa. Nyumba ilipasuka mbele hajajenga."

Hapa njo nilielewa roman inasaidia nini. Sisi wa sindika, na wakubwa wa Serikali pia, tuna maneno yetu kwa mambo kama hiyo: uchimbaji bila ruhusa, hatari, kukosa nidhamu. Maneno hayo si ya uongo. Lakini hayajibu swali moja: juu ya nini baba mwenye akili nzuri anapasua sima ya nyumba yake? Sinzo Aanza anakaa na ile swali kitabu kizima. Kuko minervale ya watoto, kuko bunga, kuko mugonjwa mwenye anangoja dawa. Na kuko makamyoni yenye inapita kila siku na mawe ya inchi yetu, na hakuna chenye kinabakia mu kartie. Muntu anajiambia: kama kila mutu anakula ku hii udongo, miye nangoja nini? Si ujinga. Ni hesabu, lakini hesabu ya muntu mwenye njia zote zimefungwa.

Kiatu kimoja

Kitabu cha tatu ni cha historia: Dans le ventre du Congo, cha Blaise Ndala, Mukongomani mwenye anaishi Canada. Kilitoka mwaka wa 2021. Kinaturudisha ku Expo ya Bruxelles ya mwaka wa 1958, miaka miwili mbele ya uhuru. Wabeleji walijenga kule kijiji cha uongo na wakaweka Wakongomani ndani, wageni wapite kuwaangalia. Kuko wageni wenye walikuwa wanawatupia ndizi. Wandugu wetu walichoka na matukano, na wengine wakarudia nyumbani mbele Expo haijamalizika. Hiyo si hadisi ya kutunga, ilitendeka kweli. Juu ya hiyo kweli, Ndala anaweka binti wa mufalme wa Wakuba, Tshala, mwenye anapotelea kule, na miaka mingi nyuma mutoto wa ndugu yake anafuata nyayo zake.

Muzee, yeye mwenye alikataa Tram 83, alisikiliza hii bila kukata. Mwaka wa 1958 alikuwa mutoto wa kalasa. "Mwalimu alituonyesha picha ya ile Atomium," akasema, "mipira kenda ya chuma. Tukapiga makofi. Hakutuambia kama kuko batu betu nyuma ya fito."

Kisha akaongeza kintu chenye sikumusikia hata siku moja akisema, na tunafahamiana miaka 20. Baba yake alikuwa ku kiwanja cha mupira tarehe 9 Desemba 1941.

Kwa wale wenye hawajasikia: wakati ule vita ya Ulaya ilikuwa imepandisha bei ya vitu, na wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma kuomba nyongezo ya mushahara. Walikusanyika ku kiwanja cha mupira cha Elisabethville. Waaskari wakawapiga masasi. Wantu wengi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, karani mwenye alikuwa anawasemea wenzake. Mwenye kuwa mu sindika hapa Katanga, akijue ao asijue, anatembea nyuma ya huyu muntu.

"Baba alirudia na kiatu kimoja," muzee akasema. "Mama njo alinihadisia. Yeye mwenyewe baba, mpaka kufa kwake, hakusema. Na ku ile kiwanja hakutupitisha tena."

Tukanyamaza wote. Mu vitabu vya masomo, kama wanataja mugomo wa 1941, wanaweka tarehe na jina la gavana. Ile kiatu haimo. Miye ningetaka mutoto wa Katanga aandike roman ya ile siku: muntu anatoka asubui kuomba franka kidogo, anarudia na kiatu kimoja, na anaishi miaka 40 bila kusema.

Kwa luga gani?

Hizi roman tatu zote ni za Kifransa. Na bei ya moja inaweza kukaribia bei ya gunia ya bunga. Basi wenye wanaandikwa mule hawazisome. Ni kama muntu anapigwa picha na hapewe picha yake.

Wengine wananiambia Kiswahili chetu cha hapa si luga ya kuandika vitabu. Si kweli. Mwaka wa 1965, chama cha wafanyakazi wa zamani wa nyumba za wazungu, wale waliitwa "maboi", waliandika historia ya huu muji kwa Kiswahili chao wenyewe. André Yav njo aliitengeneza, na wakaiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Hawakungoja ruhusa ya profesa. Baadaye maprofesa walikuja kuisoma na kuitafsiri. Kama wapishi na wafuaji waliweza, sisi wa migodi tunashindwa juu ya nini?

Ninashauri vitu viwili ku wandugu wa sindika. Kwanza, kila seksio ichange pesa kwa kitabu kimoja tu, na mwenye anajua Kifransa asomee wengine kwa Kiswahili. Wakikataa yenye iko ndani, ni vizuri vile vile. Sisi tulijifunza zaidi mu mabishano. Pili, kila delege apate kaye ingine pembeni ya PV.

Miye nilianza. Nilirudia kwa ule mujane na kaye. Nikamuambia: "Mama, sasa nisemee wewe." Tulikaa kutoka saa kenda mpaka jua kutua. Aliniambia kama bwana yake alikuwa anatengeneza radio za jirani bila kuomba pesa. Kama alikuwa anaimba asubui akinawa, na watoto wanamucheka juu sauti ilikuwa mubaya. Kama alikuwa anaacha samaki yake mu sahani kwa mutoto wa mwisho na kusema hana njaa. Kama ile juma ya mwisho alisema mara mbili kama ukuta wa lile shimo unatosha maji.

Ile ya mwisho nilipashwa kuwa nayo mu PV, na sikuwa nayo, juu sikumuuliza.

Niliandika kurasa mbili kwa Kiswahili na nikazishona nyuma ya ile karatasi ya mistari 14, mu dosie ya seksio. Juma iliyofuata mutoto wake wa kwanza alikuja ku biro kuomba kopi. PV aliiacha. Aliomba tu zile kurasa mbili.