Maziwa ya Msituni Yaliyoendesha Migodi

Je, wajua kwamba katika milima ya Harz, kaskazini mwa Ujerumani, karibu kila ziwa utakalolikuta msituni ni kazi ya wachimba madini? Kiangazi kikifika, watu hupanda huko na mikoba mgongoni, hufuata vijia katikati ya misonobari, kisha hutandika shuka ukingoni na kuingia majini. Maji yenyewe yana rangi ya chai ya rangi, kwa sababu yametoka kwenye vinamasi vya juu mlimani. Ukitazama haraka utaapa kwamba ziwa hilo limekuwapo tangu dunia iumbwe. Tembea hadi upande wa chini wa bonde, na utajikuta umesimama juu ya ukuta.

Mfano mzuri kuliko yote ni Oderteich. Kati ya mwaka 1715 na 1722, wachimba madini wa mji wa St. Andreasberg waliziba bonde la mto Oder (si ule mkubwa wa mpakani mwa Poland) kwa mawe makubwa ya graniti, na katikati ya ukuta wakashindilia changarawe ya graniti iliyomomonyoka. Nyuma yake yalikusanyika maji ya takriban mita za ujazo milioni 1.7. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, Ujerumani nzima haikuwa na bwawa lililolishinda hilo kwa ukubwa. Ukuta ule ule ungali umesimama, na barabara ya magari inapita juu yake.

Walihangaikia nini kiasi hicho? Chini ya milima hiyo kulikuwa na madini ya fedha, risasi, shaba na zinki. Lakini kila shimo lilipoongezwa kina, maji ya ardhini yalibubujika na kuwafukuza wachimbaji. Nguvu za watu na farasi hazikutosha kuyatoa. Basi wakayatumia maji ya mlimani kuyatoa maji ya mgodini, na hapo ndipo akili ya watu hawa inaponistaajabisha. Maji kutoka bwawani yaliongozwa hadi kwenye magurudumu ya mbao yenye kipenyo cha mita tisa hadi kumi na mbili, mengi yakiwa yamefungwa ndani ya vyumba vilivyochongwa kwenye mwamba chini ya ardhi. Gurudumu lilipozunguka lilisukuma na kuvuta fimbo ndefu za mbao, nazo fimbo zikaendesha pampu zilizopandisha maji hatua kwa hatua. Maji yaliyokwisha kuzungusha gurudumu la juu hayakutupwa. Yalishuka kuzungusha la pili, kisha la tatu, ndipo yakatokea bondeni kupitia handaki. Kwa hiyo, kadiri handaki la kutolea maji lilivyochimbwa chini zaidi, faida ilikuwa mara mbili: pampu zilipunguziwa safari ya kupandisha maji, na magurudumu yalipata maporomoko marefu zaidi.

Kuinua mawe yenye madini kulihitaji gurudumu la namna nyingine, lenye safu mbili za vikombe vinavyotazamana kinyume. Mhudumu akielekeza maji kwenye safu moja, ndoo hupanda. Akiyahamishia kwenye safu nyingine, gurudumu hugeuka na ndoo hushuka.

Ukame ndio uliokuwa adui. Mvua ikikosekana wiki kadhaa, magurudumu yalisimama na migodi ikaanza kujaa maji. Hata mwanafalsafa na mwanahisabati Gottfried Wilhelm Leibniz alikuja Harz miaka ya 1680 na mpango wake: vinu vya upepo virudishe maji yaliyotumika hadi mabwawani, yatumike upya. Vinu havikufua dafu, na mtawala wa Hannover akausimamisha mradi. Leo vituo vingi vya umeme duniani hupandisha maji bwawani ili yatumike baadaye, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa baya hata kidogo.

Waliofaulu ni waliozidisha mabwawa na mifereji. Kati ya mwaka 1536 na 1866, kipindi kikuu cha ujenzi huo, yalijengwa mabwawa 143, mifereji ya jumla ya kilomita 500 hivi na mahandaki ya maji ya kilomita 30. Mifereji hiyo inazunguka ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo mno, na jicho halidanganyiki kwa urahisi kiasi hicho popote pengine: mara nyingi utaapa maji yanapanda. Mvua iliyonyesha mabonde ya mbali ilikusanywa na kuletwa kwenye migodi. Kijia cha mhudumu wa mfereji, aliyekagua kila siku kama kuna tawi au barafu iliyoziba njia, ndicho anachokanyaga mgeni wa leo, na ndiyo maana matembezi haya hayachoshi miguu.

Kuta nyingi za mabwawa ni za udongo, zikizuiwa kuvuja kwa vipande vya nyasi vilivyokatwa pamoja na udongo wake na kupangwa kwa kushindiliwa. Chini kabisa hupita bomba la mbao lenye kizibo kinachoinuliwa kwa fimbo kutoka juu. Ukiona kibanda kidogo cha mbao kando ya bwawa, huenda ndicho kinachohifadhi fimbo hiyo.

Msitu nao umebeba historia hiyo. Migodi na tanuri za kuyeyushia madini zilikula miti ya asili, na mahali pake ikapandwa misonobari inayokua upesi. Tangu kiangazi kikavu cha 2018, mbawakawa wa magome wameiangamiza kwa eneo kubwa sana. Mgeni atapita katikati ya magogo ya kijivu yaliyosimama, huku miche ya miti mingine ikichipua chini yake.

Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mfumo huu katika Urithi wa Dunia. Mabwawa makubwa ya karne ya 20 ni habari nyingine. Bwawa la Söse, lililokamilika mwaka 1931, hupeleka maji ya kunywa hadi mji wa Bremen, na kuogelea humo ni marufuku. Anayetaka kuogelea aende Oderteich. Maji yanayotoka hapo bado yanafuata mfereji wa Rehberg hadi St. Andreasberg, yanaingia katika mgodi wa Samson uliofungwa mwaka 1910, na humo chini ya ardhi yanazungusha mitambo ya umeme.